Tunatibu kwa ushahidi, mbona madaktari tunawafundisha kwa mazoea?

#1 Zamu ya Usiku
Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni daktari, mwaka wa pili wa kusomea ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi. Kuna jambo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita.

Saa tisa usiku aliletwa mama mwenye mimba ya kwanza, wiki 36, anatupa mikono na miguu. Kifafa cha mimba. Nilikuwa chumba cha upasuaji namalizia mgonjwa mwingine, nikaagiza daktari tarajali aanze magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege hilo. Kijana ni kipanga. Nilimfundisha mimi mwenyewe alipokuwa mwanafunzi, na dozi anaijua kama jina lake: gramu 4 kwenye mshipa, kisha gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako. Natoka, namkuta ameshika ampulu, kile kichupa cha dawa, ya asilimia 50, mkono unatetemeka. Dozi kichwani anayo. Asilolijua ni kwamba unavuta mililita 8, unaongeza mililita 12 za maji ya sindano, unapata mililita 20 za asilimia 20, na hizo ndizo gramu 4. Nesi wa zamu ndiye aliyechukua bomba la sindano akachanganya. Mama alipona na mtoto yupo.

Sikumlaumu yule kijana. Mimi ndiye niliyemfundisha kifafa cha mimba kwa slaidi sitini, asubuhi moja, nikaondoka nikijiona nimefanya kazi.

Sasa sikieni hili. Mwaka 2008 Karpicke na Roediger walichapisha utafiti kwenye jarida la Science. Waliwapa wanafunzi wa chuo Marekani jozi 40 za maneno ya KISWAHILI na maana zake kwa Kiingereza, mojawapo ni "mashua". Wote walijifunza hadi wakayapata yote. Kundi moja liliendelea kujipima kila neno hata likishajulikana. Kundi lingine, neno likipatikana mara moja halikuulizwa tena, ingawa baadhi yao waliendelea kulisoma. Wiki moja baadaye waliojipima walikumbuka kama asilimia 80. Wenzao kama asilimia 35. Na kabla ya mtihani makundi yote yalitabiri kwamba yatakumbuka karibu nusu. Yaani msomaji mwenyewe hahisi tofauti!

Lugha yetu imetumika kuonyesha namna bora ya kusoma, na sisi tarajali wetu bado wanameza madesa usiku wa kuamkia pepa. Swali langu: utafiti upo, kwa nini hauingii darasani na wodini?

#2 Mbuyu Mkavu
Pole kwa zamu, mkuu. Ila maneno 40 ni kitu kingine na mgonjwa ni kitu kingine. Mtu kukumbuka "mashua" baada ya wiki moja hakunionyeshi kwamba atajua kuchanganya dawa saa tisa usiku. Wewe mwenyewe umesema dozi alikuwa anaikumbuka. Kwa hiyo tatizo lake halikuwa kumbukumbu.

#3 Kipanga wa Mwisho
Nipo mwaka wa tatu. Nimesoma uzi huu huku nina desa la kurasa 140 mbele yangu na rangi tatu za kupigia mistari. Nimeishiwa nguvu.

#4 Takwimu Kwanza
Mbuyu, hoja yako ina uzito lakini kuna utafiti uliofanywa kwa madaktari wenyewe. Larsen, Butler na Roediger, 2009, jarida la Medical Education. Washiriki walikuwa madaktari wanaosomea ubingwa wa watoto na wa magonjwa ya dharura. Mada mbili: degedege lisilokatika, na ule ugonjwa wa misuli kuchoka, mayasthenia gravisi. Mada moja walipimwa mara tatu kwa kupishana wiki kama mbili, nyingine walisoma tu muhtasari kwa ratiba ileile. Baada ya zaidi ya miezi sita: waliopimwa asilimia 39, waliosoma asilimia 26.

#5 Mbuyu Mkavu
Asilimia 39! Mkuu, huo ndio ushindi? Mimi nikipata 39 chuoni kwetu nakwenda sapu (kurudia mtihani), nikifeli tena nadisko (nafukuzwa chuo). Kama njia bora kabisa inaacha asilimia 61 imepotea, basi tuongelee kwa nini zinapotea, siyo nani amepoteza kidogo.

#6 Takwimu Kwanza
Wewe ukipimwa leo mada uliyofundishwa saa moja tu miezi sita iliyopita, utapata ngapi? Hapo ndipo 26 inapopata maana. Kutoka 26 hadi 39 ni ongezeko la nusu nzima ya kile ambacho wangebaki nacho. Na waliongezewa nini? Karatasi za maswali, na majibu yake baada ya kujaribu. Hakuna mashine iliyonunuliwa.

#7 Chaki Nyeupe
Salaam wadau. Nimefundisha vyuo vya afya miaka mingi. Jambo hili linajulikana zamani: mtu anakumbuka asilimia 10 ya anachosoma, 20 ya anachosikia, 30 ya anachoona, na 90 ya anachokifanya au kufundisha wenzake. Ile piramidi ya Dale. Kila semina ya ualimu wanaionyesha. Na kila mwanafunzi ana mtindo wake, wapo wa kuona, wapo wa kusikia. Ukishajua mtindo wake umemaliza kazi.

#8 Takwimu Kwanza
Mwalimu, kwa heshima zote, hapo naomba nikusahihishe. Edgar Dale, mwanaelimu wa Marekani, alichora hiyo mnayoiita piramidi, yeye aliiita koni, mwaka 1946 na haikuwa na asilimia hata moja. Namba zilibandikwa na watu wengine baadaye. Hebu ziangalie: 10, 20, 30, 90. Ni utafiti gani wa binadamu unatoa namba zilizonyooka hivyo? Na mitindo ya kujifunza, Pashler na wenzake waliipitia mwaka 2008, hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtu kwa "mtindo wake" kunamsaidia kujifunza zaidi.

#9 Chaki Nyeupe
Nimekuelewa kijana. Nimeifundisha hiyo piramidi kwa miaka isiyopungua kumi na tano. Nitafuatilia.

#10 Zamu ya Usiku
Mwalimu Chaki, shikamoo, na asante. Ulichofanya hapo ni kigumu kuliko utafiti wenyewe.

#11 Mkunga Mstaafu
Wanangu, mimi sikusoma hayo majarida ila hili la vitendo nalijua kwa mikono yangu. Tulipoletewa mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, yule mdoli wa kujazwa maji na begi la kupulizia, tulijifunza siku moja tukapewa cheti. Siku ile kila mtu alikuwa hodari. Baada ya miezi mitatu nikaona wenzangu mtoto akichelewa kulia wanarudi kulekule, kumvuta makamasi na kumchapa nyayo, begi liko juu ya kabati.

#12 Takwimu Kwanza
Mama, shikamoo. Hilo ulilolishuhudia limeandikwa, tena hapahapa nchini. Hospitali ya Haydom, Manyara. Ersdal na wenzake, 2013: mafunzo ya siku moja yaliwafanya watu wafanye vizuri zaidi kwa mdoli, lakini ndani ya chumba cha kujifungulia namna walivyowahudumia watoto haikubadilika. Wakaja na njia nyingine, wakaweka mdoli palepale wodini, mazoezi ya dakika chache tu kila wiki badala ya siku nzima mara moja. Mduma na wenzake wakachapisha mwaka 2015: vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

#13 Mbuyu Mkavu
Subiri kidogo. Kuna utafiti mwingine wa mafunzo hayohayo, hospitali nane za Tanzania, Msemo na wenzake 2013, ambapo vifo vya saa 24 vya kwanza vilishuka kwa asilimia 47. Sasa siku moja inafanya kazi au haifanyi? Msichague jarida linalowapendeza.

#14 Takwimu Kwanza
Haki kabisa. Zote mbili ni kabla na baada, hakuna kundi la kulinganisha lililopangwa kwa bahati nasibu. Ule wa hospitali nane ulikuja na vifaa na usimamizi pia. Vipi utenganishe mafunzo na begi jipya lililowekwa mezani? Mimi siwezi.

#15 Mkunga Mstaafu
Begi jipya likiwekwa kabatini linafungiwa na sista mkuu ili lisipotee. Hilo nalo muandike.

#16 Eldoret Kwetu
Salamu kutoka Bonde la Ufa. Nyinyi mnabishana juu ya mihadhara, sisi wa Chuo Kikuu cha Moi hatukulelewa hivyo. Tangu wanafunzi wa kwanza mwaka 1990 mfumo ni kujifunza kwa tatizo: kundi dogo, mnapewa kisa cha mgonjwa, mnatafuta wenyewe mnachojua na msichojua, mnarudi kufundishana. Halafu kuna muda wa kwenda kuishi kijijini na kujifunza huko.

#17 Kipanga wa Mwisho
Kumbe Moi ndio walioanzisha? Sikujua.

#18 Eldoret Kwetu
La hasha ndugu, tusijitwalie. Ilianza chuo kikuu cha McMaster, mji wa Hamilton, Kanada, mwaka 1969. Maastricht kule Uholanzi wakafuata miaka ya 70. Makerere nao wakahamia 2003.

#19 Mbuyu Mkavu
Na matokeo? Nimesoma mapitio kadhaa ya tafiti hizo. Kwenye mtihani wa maarifa hawa wa matatizo na wale wa mihadhara wanakaribiana mno. Wanaonekana kidogo bora kuongea na wagonjwa na kushirikiana. Miaka zaidi ya hamsini ya utafiti, ugomvi haujaisha.

#20 Eldoret Kwetu
Kuongea na wagonjwa unakuita kidogo? Wewe ukiumwa utaelewa.

#21 Pwani Tulivu
Mimi si daktari, ni mgonjwa wa presha, nipo Tanga. Naomba nichangie hapo kwa Eldoret. Daktari kijana aliniuliza, "Mama, unapata palpitesheni?" Nikanyamaza. Akaandika kwamba sina. Nikatoka nje nikamwuliza nesi ni nini hiyo, akaniambia "moyo kwenda mbio". Nikacheka kwa uchungu, maana hilo ndilo lililonipeleka hospitali. Nyinyi mnawafundisha kwa Kiingereza miaka mitano, halafu mnawaleta kwetu tunaosema kichomi, tumbo linasokota, miguu inawaka moto. Hilo limefanyiwa utafiti gani?

#22 Zamu ya Usiku
Mama wa Tanga, hilo umenigonga nalo. Nimekaa kimya dakika tano kabla ya kuandika.

#23 Chaki Nyeupe
Hapa nina cha kuchangia ambacho nina uhakika nacho. Kuna kitu kinaitwa mgonjwa wa kuigiza, mtu mzima mwenye afya anafundishwa kisa, anamwigizia mwanafunzi. Howard Barrows alianza hivyo Los Angeles mwaka 1963. Na mwaka 1975 Ronald Harden wa Dundee, Scotland, akaleta mtihani wa vituo: mwanafunzi anazunguka vituo, kila kimoja dakika chache, huku apime presha, kule aeleze ugonjwa, pale achanganye dawa. Vyuo vyetu vingi vinautumia. Lakini nimesimamia vituo hivyo, na aliyeigiza mgonjwa mara nyingi ni mfanyakazi wa chuo anayejibu kwa maneno ya kitabu. Mwanafunzi akiuliza "palpitesheni" anajibiwa "ndiyo". Tungempeleka mama Pwani Tulivu akae kituo namba 4.

#24 Pwani Tulivu
Nauli yenu, nakuja kesho.

#25 Baba Wawili
Wakuu samahani kuingilia, naona madaktari wengi humu. Mtoto wangu ana miezi minane, anakohoa siku ya tatu, nimpe dawa gani?

#26 Mkunga Mstaafu
Baba, usimpe kitu kwa kuambiwa humu. Akipumua haraka, mbavu zikiingia ndani, au akikataa kunyonya, nenda kituo cha afya usiku huuhuu. Hata kama hana hayo, kesho asubuhi mpeleke aonwe.

#27 Baba Wawili
Asante mama. Mbavu naona zinaingia. Naondoka.

#28 Daftari la Zamani
Nirudishe mada. Wote mnazungumzia mbinu kana kwamba walimu hawazijui. Mimi ni mhadhiri. Nikiandika makala mbili kwa mwaka napanda cheo. Nikikaa wodini na tarajali wanne hadi saa kumi jioni nikiwatazama wanavyopima mgonjwa na kuwarekebisha, hakuna fomu yenye kisanduku cha kuandika hilo. Mwanafunzi mmoja alilia mbele yangu kwa kuwa miaka yake yote hakuna daktari bingwa aliyewahi kumtazama akimpima mgonjwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wote walimsikiliza akisimulia tu. Chuo sikitaji, maana nadhani ni vingi.

#29 Kipanga wa Mwisho
Nathibitisha. Mimi raundi ni kusimulia. Na ukikosea kusimulia unaaibishwa mbele ya mgonjwa na wauguzi. Nilishaulizwa sababu kumi za ini kuvimba, nikataja saba, nikaitwa jina ambalo siwezi kuandika hapa. Tangu siku hiyo nasimama nyuma ya mtu mrefu. Hivyo Zamu ya Usiku akisema "tuwapime mara kwa mara", mimi nasikia kuaibishwa mara kwa mara.

#30 Daftari la Zamani
Hiyo ndiyo hatari yake. Swali la kumsaidia mtu akumbuke na swali la kumwonyesha mtu mahali pake yana maneno yaleyale. Bingwa mwenyewe anadhani anafundisha.

#31 Mbuyu Mkavu
Hapa nakubaliana na Daftari, ila sababu naiona kwingine. Ni idadi. Nilisoma darasa lenye wanafunzi zaidi ya mia mbili. Kitanda kimoja, wanafunzi kumi na tano, mgonjwa mmoja amechoka kubonyezwa tumbo. Unaweza kuleta nadharia yoyote kutoka Kanada, ikifika pale kitandani inakufa.

#32 Takwimu Kwanza
Hospitali ya KCMC, Moshi, na chuo chake cha udaktari walijaribu kujibu hilo. Kupitia ule mpango wa Marekani wa kusaidia elimu ya udaktari Afrika ulioanza 2010, walileta kujifunza kwa timu: darasa kubwa lakini mnakaa kwa timu, mnaanza na maswali ya mmoja mmoja, mnarudia maswali yaleyale kama timu, mnabishana, mwalimu mmoja anatosha. MUHAS, chuo kikuu cha afya Muhimbili, nao mwaka 2011 walianza mitaala ya kupima umahiri. Kwa hiyo si kwamba hakuna aliyejaribu.

#33 Kipanga wa Mwisho
Tulipofanyiwa hivyo kwetu, wengi tuliandika kwenye fomu ya tathmini kwamba mwalimu hafundishi, anatuachia tujifundishe. Nakiri nami niliandika.

#34 Takwimu Kwanza
Hujakosa peke yako. Harvard, 2019, Deslauriers na wenzake, somo la fizikia: waliojishughulisha darasani walijifunza zaidi, lakini walijihisi wamejifunza kidogo kuliko waliokaa wakisikiliza mhadhara mtamu. Ndiyo maana fomu ya "umefurahia?" haitufai kupimia ufundishaji.

#35 Eldoret Kwetu
Kuna kazi ya Chicago inayohusu swali la Mbuyu la mwanzo, kwamba kumbukumbu si mkono. Barsuk na wenzake wa Northwestern, 2009: daktari anayesomea ubingwa haruhusiwi kuingiza mrija kwenye mshipa mkubwa wa mgonjwa hadi afaulu kwa mdoli kwa kiwango kilichowekwa. Akishindwa anarudia, hakuna aibu, hakuna kudisko. Maambukizi ya damu kwenye ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, yalishuka kutoka 3.20 hadi 0.50 kwa kila siku 1,000 ambazo wagonjwa walikaa na mrija.

#36 Mbuyu Mkavu
Hiyo ndiyo ya kwanza humu iliyonigusa, kwa sababu inapima mgonjwa badala ya mtihani. Sasa midoli ya Chicago ni bei ya gari.

#37 Mkunga Mstaafu
Kushona tulijifunzia sponji na nyama ya buchani. Mfuko wa uzazi tulishona kwa kitambaa cha kanga, tukatia mdoli wa mtoto wa jirani, tukafundisha mtoto aliyetanguliza matako. Nani kasema lazima Chicago?

#38 Daktari wa Unguja
Kuna wenzetu bara wanajifunzia mguu wa nguruwe. Sisi huku mguu wa mbuzi unatosha, na jioni tunaupika.

#39 Mkunga Mstaafu
Uliopigwa sindano ya ganzi usiupike mwanangu.

#40 Zamu ya Usiku
Nimesoma yote. Nimeamua kuanza kesho. Baada ya ripoti ya asubuhi, dakika tano: tarajali mmoja anapewa ampulu, bomba, maji, anachanganya gramu 4 huku tunamtazama. Keshokutwa mwingine. Akikosea mimi nafanya naye palepale, na ya kwanza kabisa nitaifanya mimi mbele yao. Baada ya wiki mbili tunarudia, baada ya mwezi tena.

#41 Daftari la Zamani
Fanya mbali na wagonjwa. Na mwambie bingwa wako mapema, asije akakaa kiti cha mbele akaanza kuuliza sababu kumi.

#42 Mbuyu Mkavu
Utajuaje kwamba imesaidia? Tarajali wanahama idara kila baada ya miezi kadhaa. Watakaoondoka wiki ijayo hawajafundishwa hivyo. Wapime na hao kabla hawajaondoka, uwe na cha kulinganisha.

#43 Takwimu Kwanza
Na ukitaka kuchapisha, kibali cha maadili kwanza. Ukitaka kujua tu kwa ajili ya wodi yako, anza.

#44 Pwani Tulivu
Na swali langu la Kiswahili limeishia wapi? Naona mmerudi kwenye ampulu.

#45 Zamu ya Usiku
Mama, sijalisahau. Tarajali atakayechanganya dawa atalazimika pia kumweleza ndugu wa mgonjwa, kwa Kiswahili, dawa hii ni ya nini na kwa nini sindano ya tako itauma. Sijui kama inatosha.

#46 Pwani Tulivu
Haitoshi. Ila anza.

#47 Mkunga Mstaafu
Mwanangu Zamu, tumia ampulu zilizoisha muda, na uzipake rangi nyekundu shingoni zisije zikarudi kwenye trei ya dharura. Weka na nyundo ya goti pale mezani. Wengi wanachanganya vizuri kisha wanasahau kupima goti na kuhesabu pumzi kabla ya dozi inayofuata.

#48 Baba Wawili
Wakuu, tumelazwa. Wanasema nimonia, amewekewa oksijeni, ameanza kunyonya. Kuna daktari kijana hapa, tarajali, amekaa na sisi tangu saa nne. Kila akimaliza kumpima anakwenda pembeni anaandika kitu kwenye kidaftari, halafu anarudi kuangalia tena.